Kutosomeka Si Kufa

Mgeni akibisha hodi kwa lugha ambayo mwenye nyumba haijui, mwenye nyumba mwenye busara hutafuta mkalimani. Mwenye papara humfungia mlango. Na mwenye wazimu humwua mgeni kwa kosa la kutofahamika. Hapana mtu wa akili timamu atakayeitetea hukumu hii ya tatu. Hata hivyo, hukumu hiyo hiyo hutolewa kila siku, maofisini na madukani, juu ya chombo kidogo kiitwacho diski ya nje. Tarakilishi iliyopewa mfumo endeshi mpya huunganishwa na diski ya zamani, haiitambui, hufungua kidirisha kinachosema kwamba diski haina budi kufomatiwa kabla ya kutumika, na mwenye mali, au fundi wake, hukubali. Kazi ya miaka kumi hupotea kwa kidole kimoja.

Nasema katika insha hii kwamba kukubali huko ni kosa; kwamba wanaofundisha kuwa hiyo ni dawa wanafundisha uharibifu; na kwamba ofisi ya umma inayoacha jambo hilo litendeke bila ya nakala ya pili inavunja amana ya watu. Huenda maneno haya yakawaudhi baadhi ya mafundi na baadhi ya wakuu. Na yawaudhi, ikiwa maudhi hayo yatawafanya wasite kidogo kabla ya kubonyeza.

Nauchukua mfano wangu katika kaunti mbili za kusini mwa Nyanza, Migori na Homa Bay. Toka Isebania, mpakani mwa Tanzania, hata Awendo na Rongo. Na toka Oyugis na Kendu Bay hata Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, maisha ya watu yamehama kimyakimya kutoka katika madaftari na kuingia katika diski. Mpiga picha huweka humo harusi na mazishi ya nusu ya kijiji. Kwaya huweka nyimbo zake. Mwalimu huweka alama za mitihani, darasa baada ya darasa. Kikundi cha akiba huweka orodha ya waliolipa na wasiolipa. Wavuvi huweka hesabu ya samaki waliopimwa ufukweni. Mjukuu mwenye bahati huweka sauti ya nyanya yake akitaja nasaba ya ukoo, na nyanya mwenyewe sasa yu kaburini. Tarakilishi nyingi za huku zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, na ghala lao la ndani ni dogo. Basi diski ya nje ndiyo sanduku la nyumba nzima, na mara nyingi sanduku hilo ni moja tu.

Mwaka 2025 masanduku hayo yalitikiswa. Windows 10, mfumo endeshi uliotolewa Julai 2015, ulifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mrithi wake, Windows 11, aliyetoka Oktoba 2021, huzikataa rasmi mashine nyingi za zamani, maana hudai kichakataji cha miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo watu wakagawanyika. Wenye mashine zinazokubalika waliubadili mfumo. Wenye fedha walinunua mashine nyingine. Wenye ujasiri walihamia Linux, mfumo usiouzwa. Na wengine walikaa walipokuwa. Makundi matatu ya kwanza yalikuwa na jambo moja la kufanana: siku iliyofuata kila mmoja alichukua diski yake ya zamani na kuichomeka katika tarakilishi iliyokuwa haijapata kuiona. Hapo ndipo kidirisha kile hupata kazi.

Sasa na tuulize: kidirisha kile husema nini hasa? Husema, "Mimi siwezi kuisoma diski hii." Hakijui zaidi ya hapo, wala hakiwezi kujua. Mtu asiyejua Kiluo akipewa barua iliyoandikwa kwa Kiluo ana haki ya kusema kwamba haielewi. Hana haki ya kusema kwamba karatasi ni tupu, sembuse kuifuta ili aandike maneno yake. Kidirisha ni ungamo la ujinga wa tarakilishi. Sisi twalisoma kama cheti cha kifo cha diski.

Kati ya diski na macho ya mtu kuna milango sita, na mmoja ukifungwa, yote huonekana kana kwamba imefungwa. Mlango wa kwanza ni umeme. Tundu la USB la kizazi cha pili limepangiwa kutoa miliampea 500, na la kizazi cha tatu miliampea 900. Diski yenye sahani inayozunguka hutaka nguvu nyingi inapoanza kuzunguka, na tarakilishi iliyowekewa mfumo mpya yaweza kuyapunguzia matundu yake umeme ili kuokoa betri. Diski yenye njaa haisemi. Mlango wa pili ni waya, ambao hukunjwa mfukoni, hukanyagwa, hulegea, na kufa kabla ya diski yenyewe. Mlango wa tatu ni mkalimani, yaani programu ndogo inayoifasiria tarakilishi maneno ya kifaa. Mfumo mpya huja na wakalimani wapya, na huenda yule aliyekijua kifaa chako hakualikwa.

Mlango wa nne ni herufi. Windows huiita kila diski kwa herufi moja ya alfabeti. Mfumo ukibadilishwa, yawezekana diski ikakosa herufi, au herufi yake ikagombaniwa na kifaa kingine. Basi diski ipo, i hai, inazunguka, lakini haimo katika orodha ya majina, kama mtoto aliyesahauliwa na mwalimu anayeita rejista. Mlango wa tano ni mfumo wa faili, yaani mpango wa kuandika na kupanga kumbukumbu ndani ya diski. NTFS ulitoka mwaka 1993, exFAT mwaka 2006, na APFS, ambao ni wa tarakilishi za Apple, mwaka 2017. Windows peke yake haisomi APFS; na tarakilishi ya Apple husoma NTFS lakini peke yake haiandiki humo. Diski nzima, yenye afya, ikitolewa katika tarakilishi ya Apple na kutiwa katika Windows, hupokewa kwa ushauri wa kufomatiwa. Je, hapo mgonjwa ni nani? Mlango wa sita ni kufuli. Diski iliyofungwa kwa BitLocker haisomeki bila nywila yake au ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, na mwenye kuupoteza ufunguo huo amejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe.

Nimeitaja milango hii kwa urefu ili nipate kusema neno moja fupi: hakuna hata mmoja kati ya hiyo sita ambao kufomati huufungua na kukuachia ulichokifuata ndani. Umeme hauongezwi kwa kufuta. Waya hauungwi kwa kufuta. Mkalimani haji kwa kufuta, wala herufi haipatikani kwa kufuta. Kufomati hubadilisha mfumo wa faili, na kufuli huiondoa. Lakini huondoa pamoja nayo kila kitu kilichokuwa kinalindwa, kama mtu avunjaye nyumba kwa sababu kitasa kimekwama.

Najua watetezi wa kufomati watasema kwamba vilivyofutwa huweza kurudishwa. Ni kweli kwa kiasi, na ukweli wa kiasi ni hatari kuliko uongo mtupu. Kufomati kwa haraka huandika faharasa mpya na kuziacha kurasa za zamani mahali pake, bila ya njia ya kuzifikia. Kwa hiyo programu za uokoaji huweza pengine kuziokota. Lakini kufomati kamili, tangu Windows Vista, hupita juu ya diski nzima na kuandika sifuri. Na hata baada ya kufomati kwa haraka, kila faili jipya linaloandikwa huweza kukalia mahali pa faili la zamani. Fundi anayefomati, kisha akanakili nyimbo chache ili kumwonyesha mteja kwamba diski imepona, huenda amezika kwa nyimbo hizo kile ambacho kingeokolewa. Maji yakimwagika hayazoleki; na huyu ameyamwaga, kisha akapiga deki.

Simchukii fundi wa duka la saiba. Najua analipa kodi ya chumba, najua umeme humkatikia katikati ya kazi, na najua mteja wake yuko mlangoni akitaka jibu kabla gari halijaondoka. Kufomati huchukua dakika mbili na huleta matokeo yanayoonekana: diski iliyokuwa haitokezi sasa yatokeza. Mteja hufurahi, hulipa, huenda zake Ndhiwa au Macalder, na huko ndiko anakogundua kwamba amerudishiwa sanduku bila ya vilivyokuwamo. Mganga amemponya mgonjwa homa kwa kumtoa roho. Fundi mwema hujulikana kwa swali analouliza kabla ya kugusa: "Je, kilichomo ndani kina nakala mahali pengine?" Asiyeuliza swali hilo hajawa fundi, hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

Basi ifanywe nini? Utaratibu wenyewe si wa siri wala si wa gharama, na kijana wa kidato cha pili aweza kuufuata. Kwanza, kidirisha kikija, kataa; kukataa hakudhuru kitu. Pili, badili tundu, kisha badili waya, na ikiwezekana tumia tundu lililo nyuma ya tarakilishi ya mezani, bila ya kigawanyio kati yake. Tatu, ipeleke diski katika tarakilishi nyingine, hasa ile yenye mfumo wa zamani iliyokuwa ikiisoma. Ikisomeka huko, umekwisha kujua kwamba diski ni nzima na kosa liko katika mashine mpya. Basi nakili kilichomo kabla ya kufanya lolote jingine. Nne, ikiwa tarakilishi ni ya Windows, fungua sehemu ya usimamizi wa diski utazame kama diski imeorodheshwa bila herufi. Ikiwa hivyo, ipe herufi isiyotumika. Tano, sasisha wakalimani wa vifaa. Sita, washa tarakilishi kwa Linux iliyo katika fleshi, bila ya kuisakinisha. Mfumo huo hufungua diski za NTFS, na tangu Novemba 2019 umebeba ndani yake uwezo wa kusoma exFAT. Mara nyingi mlango ambao Windows imeushindwa hufunguka hapo.

Haki yataka niseme pia kwamba zipo diski zinazokufa kweli. Diski inayogonga tiki-tiki, inayosaga, au iliyoanguka sakafuni, ni mgonjwa wa hakika. Hiyo isijaribiwe mara kumi, wala isitiwe programu za kurekebisha makosa, maana kila mzunguko wayaweza kuikwangua zaidi. Izimwe na ipelekwe kwa mtaalamu wa uokoaji, ikiwa kilichomo chastahili gharama. Lakini angalia: hata mgonjwa huyu hatibiwi kwa kufomatiwa. Kama diski ni nzima, kufomati ni dhuluma. Kama ni mbovu, kufomati ni kazi bure. Katika hali zote mbili dawa hiyo haina mahali pake, isipokuwa kwa diski ambayo mwenyewe ameamua kwa hiari kwamba hakitaki tena kilichomo.

Wapo wanaosema kwamba lawama yote ni ya mtumiaji, kwa kuwa hakusoma maelezo. Hoja hii hupendwa na wauzaji, nami naikataa kwa ushahidi. Novemba 2013, baada ya Apple kutoa mfumo wa Mavericks, kampuni ya Western Digital iliwaandikia wateja wake ikiwaonya juu ya taarifa za watu waliopoteza kumbukumbu katika diski za nje baada ya kuupokea mfumo huo. Ikawashauri waziondoe baadhi ya programu zake, nayo ikaziondoa katika tovuti yake. Oktoba 2018, Microsoft ilisimamisha ugawaji wa toleo jipya la Windows 10 siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Mwaka 2019, toleo jingine lilipokaribia, Microsoft hiyo hiyo iliamua kuizuia tarakilishi isipokee toleo hilo ikiwa diski ya USB au kadi ya kumbukumbu imechomekwa, kwa kuwa herufi za diski zingeweza kupangwa visivyo. Haya hayakutokea kwa mwanakijiji aliyebonyeza ovyo. Yalitokea katika kazi ya makampuni makubwa kabisa duniani, yenye wahandisi kwa maelfu.

Tukio lile la mwaka 2019 lina mafunzo mawili. La kwanza ni la vitendo: ondoa diski yako kabla ya kubadilisha mfumo, uirudishe kazi ikiisha. Mtu ahamaye nyumba hamwachi mtoto juu ya ngazi wakati makabati yanapitishwa. La pili ni la haki: mtengenezaji mwenyewe alikiri, kwa kitendo chake cha kuzuia, kwamba wajibu wa kuilinda diski ya mteja wakati wa mabadiliko ni wake pia. Tukimwona anakwepa wajibu huo kesho, tumkumbushe alilofanya jana. Na ushauri wa kufomati ubadilishwe maneno. Kidirisha kisema kwanza, "Siifahamu diski hii, huenda ina mali yako," na jibu la kufuta lifichwe mbali, si kuwekwa mbele kama mlango wa kupitia.

Kundi jingine husema: "Basi tusibadilishe mfumo kabisa." Usemi huu una sura ya busara, kwa kuwa umevaa nguo ya tahadhari. Lakini Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea duniani kwa kupitia ufa wa Windows ambao ulikuwa na kiraka tangu Machi mwaka huo. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa waathirika, na mafaili yakafungwa ili wenyewe walipe fidia. Waliokuwa wamepokea kiraka walisalimika na ufa huo. Mfumo usiopokea viraka ni nyumba isiyozibwa nyufa, na ahadi ya methali yetu juu ya nyufa ni ya kweli kwa mashine kama ilivyo kwa kuta. Anayekataa mabadiliko ili kuiokoa diski huenda akaipoteza kwa mwizi. Badilisha, lakini badilisha ukiwa umejiandaa.

Kundi la tatu husema: "Diski zenyewe zimepitwa na wakati, weka vyote katika intaneti." Hawa husema kama watu wasiopata kulipia data kwa mkopo wa siku. Diski ya terabaiti moja ikipelekwa kwa njia inayopitisha megabiti tano kwa sekunde, bila kukatika hata dakika, itachukua siku 18 na nusu, usiku na mchana. Je, ni nani Karungu au Sindo atakayepata siku 18 za njia isiyokatika? Zaidi ya hayo, ghala la intaneti ni la kupanga: kodi ikikoma au nywila ikipotea, mlango hufungwa, na mwenye ghala yuko nchi ya mbali. Sikatai ghala hilo. Ni mahali pazuri pa nakala moja, hasa ya maandishi, ambayo ni mepesi kusafirishwa. Nakataa lifanywe mahali pa nakala ya pekee, maana kosa la sanduku moja halitibiwi kwa kulihamisha sanduku lile lile.

Sasa nageukia ofisi za umma, na hapa sauti yangu itapanda kidogo. Mtu binafsi akipoteza picha za harusi yake, amejidhulumu mwenyewe. Shule ikipoteza alama, zahanati ikipoteza orodha ya wagonjwa, ofisi ya kaunti ikipoteza hesabu, waliodhulumiwa ni watu ambao hawakuulizwa. Sheria ya Kenya ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaiagiza kila taasisi ya umma kutunza kumbukumbu zilizo sahihi na zinazoweza kutumika, na tena kuzitia kumbukumbu zake katika tarakilishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kushika habari za watu afikirie uwezo wa kuzirudisha kwa wakati baada ya ajali ya kiufundi. Lipime neno hilo, kutumika. Kumbukumbu iliyo ndani ya diski ambayo mashine mpya haiisomi ipo, lakini haitumiki. Na iliyofomatiwa haipo kabisa. Ofisi iliyotii agizo la kuhamia tarakilishi, kisha ikaliacha agizo la kuiweka kumbukumbu katika hali ya kutumika, imetii nusu ya sheria na kuivunja nusu.

Nadai basi mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya kuogopesha. Mfumo endeshi wa ofisi ya umma usibadilishwe kabla ya nakala ya pili kufanywa, na kufunguliwa katika tarakilishi nyingine, na kuthibitishwa. Nakala isiyofunguliwa ni matumaini, na matumaini hayasomeki. Kila diski iwe na kikaratasi kinachotaja mwaka wake, mfumo wake wa faili, na kilichomo. Funguo za makufuli ziandikwe na kuwekwa kabatini chini ya mikono ya watu wawili, ili kifo au uhamisho wa karani mmoja usiwe kifo cha kumbukumbu. Na ruhusa ya kufomati itolewe kwa maandishi, na mtu mwenye jina, kama itolewavyo ruhusa ya kuchoma nyaraka. Maana hayo mawili ni kitendo kimoja, ila huku hakuna moshi.

Labda mtu atasema kwamba kila kitu kina mwisho, na kwamba chombo cha zamani hakiwezi kudai kueleweka milele. Namjibu kwa mifano miwili ya nyumbani. Katika Kaunti ya Migori ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe makavu, bila ya udongo wala saruji, yapata karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Waliozijenga si hao waliokaa humo mwisho. Jamii moja iliondoka, nyingine ikaingia, na wageni waliporithi kuta za watu waliosema lugha nyingine hawakusema, "Hatuzifahamu, tuzibomoe." Walizitazama zilivyopangwa, wakarudisha mawe yaliyoanguka, wakaishi ndani yake. Ndiyo maana zipo.

Mfano wa pili ni wa muziki. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1949. Nyimbo za benga za D. O. Misiani na bendi ya Shirati, zilizopendwa pande hizi zote za mpaka, zilienea kwa santuri za namna hiyo. Misiani alifariki mwaka 2006, lakini santuri yake iliyopigwa chapa katika miaka ya 1970, isipokuwa imekwanguka, yalia leo juu ya gramafoni iliyotengenezwa mwaka huu. Kwa nini? Kwa kuwa watengenezaji walikubaliana kasi moja na mfuo mmoja, wakaishika ahadi yao. Kwa hiyo si kweli kwamba kusahau ni tabia ya mitambo. Kusahau ni uamuzi wa watu wanaoitengeneza, na uamuzi wa watu waweza kubadilishwa na watu. Hata katika diski jambo hili limewahi kutokea: mwaka 2019 Microsoft ilitangaza hadharani maelezo ya mfumo wa exFAT, na mifumo mingine ikapata ruhusa ya kuusoma bila kunyatia. Palipotakwa maelewano, yalipatikana.

Vijana wasomaji, ninyi ndio mtakaoitwa majumbani na maofisini kwa sababu mnajua tarakilishi. Mtaitwa na shangazi, na mwalimu mkuu, na mweka hazina wa kikundi, nao watawatazama kama watazamavyo wagonjwa daktari. Mtaona kidirisha kile, na kidole chenu kitakuwa na nguvu ambayo mwenye mali haijui. Msiwe wepesi wa kuonyesha ujuzi kwa kufuta. Yeyote aweza kufuta. Ulizeni, jaribuni waya, jaribuni mashine nyingine, nakilini kwanza, rekebisheni baadaye. Na mkishindwa, irudisheni diski kama mlivyoipokea na kusema, "Sijui." Neno hilo halimvunjii fundi heshima, na huacha nafasi kwa ajuaye zaidi. Aliyefomati amewafungia mlango wote watakaokuja baada yake, hata wale ambao wangeweza kusoma.